Dirisha dogo la besiboli: ukodi nyota, ununue wa kudumu, au uuze?

Kila mwisho wa Julai mashabiki wa besiboli ya Marekani hugawanyika kambi tatu. Wa kwanza wanataka nyota asajiliwe leo, hata kama mkataba wake unaisha Oktoba; huko ndiko kukodi. Wa pili wanasema bora alipwe bei kubwa mchezaji atakayebaki miaka kadhaa. Wa tatu wameshakata tamaa na msimu, wanataka wenye majina wauzwe na timu ijengwe upya. Mwaka 2025 dirisha lilifungwa tarehe 31 Julai saa 12 jioni ya New York, ambayo huku Afrika Mashariki ni saa 7 usiku, na sisi tunaofuatilia mchezo huu tulikesha na simu mkononi tukisubiri majina ya mwisho.

Mimi ni shabiki wa Detroit Tigers, timu ambayo katika miaka tofauti imeonja njia zote tatu. Nimeona kambi zote zikishangilia na zote zikilia. Nilichoamini baada ya kuzilinganisha ni kwamba swali la kwanza la shabiki lisiwe "nani anakuja?" Liwe "nani anaondoka, na huyu anayekuja mkataba wake unaisha lini?" Ukijibu hayo mawili, mabishano mengi yanamalizika yenyewe.

Kwa aliyezoea dirisha dogo la soka, kuna tofauti ya msingi. Kwenye besiboli hakuna ada ya uhamisho ya mamilioni inayoingia benki ya timu inayouza. Mchezaji hulipiwa kwa mchezaji. Timu inayowania ubingwa hutoa chipukizi wake walioko ligi ndogo, na timu iliyokata tamaa huwapokea. Chipukizi hao wana thamani kubwa kuliko wanavyoonekana, kwa sababu mchezaji hutumikia miaka 6 ya ligi kuu kabla ya kuwa huru kuchagua timu. Kijana mmoja akiiva, timu imepata miaka 6 ya kazi, na mingi kati yake kwa mshahara mdogo. Zaidi ya hapo, nyota aliyehamia katikati ya msimu akiondoka mwishoni, timu iliyomsajili haipati nafasi ya fidia kwenye drafti, zoezi la kila mwaka la timu kuchagua vijana wapya. Anaondoka na mabegi yake, basi.

Na mtoano wenyewe umebadilika. Tangu 2022 timu 12 kati ya 30 zinaingia, 6 kutoka kila moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu: mabingwa 3 wa divisheni na 3 wanaopata nafasi za ziada. Mabingwa wawili wenye rekodi bora huruka raundi ya kwanza. Waliobaki huanza na raundi fupi ya mechi 3. Ndiyo maana Philadelphia walifika World Series, yaani fainali kuu, ya 2022 kwa ushindi 87 tu, na Arizona wakafika ya 2023 kwa ushindi 84 katika mechi 162. Timu ya katikati ya msimamo sasa ina haki ya kuota, na hapo ndipo uamuzi wa Julai unapokuwa mgumu.

Chapman na Miller, 2016

Sijui ulinganisho mwingine ulio wazi kama huu. New York Yankees, timu isiyozoea kuuza, mwaka 2016 iliamua kuuza. Ilikuwa na warushaji (wanaomrushia mpigaji mpira) wawili wa mkono wa kushoto, wote wa kuingizwa mwishoni kulinda ushindi, wote wakali. Ndani ya siku 6 iliwauza wote wawili kwa timu mbili zilizokuja kukutana kwenye mechi ya 7 ya World Series.

| | Aroldis Chapman | Andrew Miller |
|---|---|---|
| Alikwenda | Chicago Cubs, 25 Julai | Cleveland, 31 Julai |
| Mkataba | Unaisha msimu huohuo | Hadi mwisho wa 2018 |
| Waliotolewa | Gleyber Torres, Billy McKinney, Rashad Crawford, Adam Warren | Clint Frazier, Justus Sheffield, Ben Heller, J.P. Feyereisen |
| Mwisho wa msimu | Bingwa | Fainali, walipoteza mechi 4 kwa 3 |
| Baada ya hapo | Alirudi Yankees Desemba 2016 | Alibaki misimu 2 zaidi |

Cubs hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Walikuwa timu bora kuliko zote msimu ule, wakamaliza na ushindi 103, na walichokosa ni mtu wa kumaliza mechi. Chapman aliwapa hicho: alilinda ushindi mara 16 katika miezi miwili ya msimu wa kawaida. Kwenye mechi ya 5 ya fainali, Cubs wakiwa wanakabiliwa na kutolewa, yeye peke yake aliwatoa wapigaji 8.

Halafu ikaja usiku wa tarehe 2 Novemba mjini Cleveland, mechi ya 7. Iningi (zamu ya kupiga) ya 8 kati ya 9, Cubs wanaongoza 6-3, wapigaji wawili wa Cleveland kati ya watatu wameshatolewa, mmoja yuko kwenye besi, kituo cha kukimbilia. Chapman akaingia akiwa amechoka waziwazi. Brandon Guyer akampiga mpira mrefu, ikawa 6-4. Akafuata Rajai Davis, mtu wa mbio zaidi kuliko nguvu, ameshika gongo juu kabisa ya mpini ili aweze kulizungusha haraka dhidi ya mpira wa kasi. Mpira ukavuka kidogo tu juu ya ukuta wa kushoto, yaani hom rani: 6-6. Baada ya iningi ya 9 mvua ikasimamisha mchezo kwa dakika 17, Cubs wakarudi wakapata mikimbio (pointi) miwili, Cleveland wakarudisha mmoja, ikaisha 8-7. Na Miller naye hakupona usiku uleule. David Ross, mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji wake) wa miaka 39 aliyekuwa akicheza mechi yake ya mwisho maishani, alimpiga hom rani katika iningi ya 6.

Aliyemtoa mpigaji wa mwisho wa Cleveland hakuwa Chapman. Alikuwa Mike Montgomery, mrushaji ambaye Cubs walimchukua kutoka Seattle siku 5 kabla ya kumchukua Chapman, kwa bei ndogo ambayo haikuzua mjadala. Kila ninapobishana na mtu anayedhani ubingwa hununuliwa kwa jina moja kubwa, humkumbusha Montgomery.

Sasa bei. Torres alichaguliwa All-Star, yaani kikosi cha nyota wa msimu, 2018 na 2019 akiwa na Yankees, na 2019 alipiga hom rani 38. Yankees wakamrudisha na Chapman mwenyewe Desemba ileile, wakabaki na wote wawili. Upande wa pili, Frazier na Sheffield hawakufikia walikotarajiwa, na Cleveland walimtumia Miller kama mchezaji bora wa fainali ya ligi yao (raundi inayotangulia World Series) 2016, kisha wakawa naye tena 2017 waliposhinda mechi 102, zikiwemo 22 mfululizo.

Ukiangalia karatasi tu, Cleveland walinunua vizuri zaidi. Ukiangalia kombe, Cubs walishinda. Mimi nasema wote wawili walikuwa sahihi, lakini kwa sababu tofauti. Cubs waliweza kulipa bei ya Torres kwa miezi mitatu kwa sababu walikuwa tayari wanaongoza ligi nzima na walikuwa na pengo moja linaloonekana. Timu isiyo na sifa hizo mbili ikilipa bei hiyo inajidanganya.

Kuna jambo jingine kuhusu Chapman ambalo halimo kwenye jedwali. Alianza msimu ule akiwa amesimamishwa mechi 30 chini ya kanuni mpya ya ligi kuhusu ukatili wa majumbani, ingawa hakufunguliwa mashtaka. Wapo mashabiki wa Cubs ambao furaha yao ilipungua kwa sababu hiyo, na sidhani kama walikosea kulipima. Usajili ni pamoja na mtu utakayemshangilia.

Siku moja, bei mbili: 30 Julai 2021

Los Angeles Dodgers siku hiyo walikuwa na kila kitu na bado wakaongeza. Walimchukua Max Scherzer, mmoja wa warushaji bora wa kizazi chake, pamoja na Trea Turner, kutoka Washington, na kutoa chipukizi wanne, wakiwemo mdakaji Keibert Ruiz na mrushaji Josiah Gray. Scherzer mkataba wake ulikuwa unaisha. Turner alikuwa na mwaka mmoja zaidi.

Atlanta Braves siku hiyohiyo walikuwa hoi. Nyota wao Ronald Acuña Jr. alikuwa amechanika goti tarehe 10 Julai, na mechi walizopoteza zilikuwa nyingi kuliko walizoshinda. Shabiki wa kawaida angesema uza. Meneja mkuu Alex Anthopoulos alifanya kinyume, lakini kwa tahadhari: alisajili wachezaji wanne wa uwanja wa nje, na hakuna hata mmoja aliyegharimu chipukizi mkubwa. Joc Pederson alifika katikati ya Julai. Siku ya mwisho wakaongezeka Adam Duvall, Jorge Soler na Eddie Rosario. Rosario alikuwa majeruhi wakati huo, na Cleveland walimtoa kwa kubadilishana na Pablo Sandoval, mkongwe ambaye hata hawakuwa na mpango wa kumchezesha.

Scherzer aliwatendea Dodgers haki kwa miezi miwili: ushindi 7 bila kupoteza. Walifikisha ushindi 106. Braves walimaliza na 88. Wakakutana kwenye fainali ya ligi, na ilipofika mechi ya 6 mkono wa Scherzer ulikuwa umechoka kiasi cha kushindwa kurusha. Braves wakapita. Rosario, yule majeruhi wa bei ya bure, alikuwa mchezaji bora wa raundi hiyo kwa mapigo 14 salama katika mechi 6. Soler akawa mchezaji bora wa World Series dhidi ya Houston. Pederson alivaa mkufu wa lulu shingoni mtoano mzima, na mashabiki wa Atlanta wakaanza kuvaa lulu uwanjani.

Usinielewe vibaya: usajili wa Dodgers haukuwa mbovu. Scherzer alifanya alichoitiwa. Ninacholinganisha ni hatari. Dodgers waliweka mzigo mkubwa juu ya mkono mmoja wa mtu wa miaka 37, na mkono ulipochoka hapakuwa na mbadala wa kiwango hicho. Braves waligawa hatari kwa watu wanne. Wawili kati yao wangeshindwa kabisa, timu bado ingekuwa imeziba pengo la Acuña kwa wale wawili waliobaki. Kwa bei waliyolipa, hata wote wanne wangeshindwa, Braves ya mwaka uliofuata isingepungukiwa kitu.

Angels 2023 na Tigers 2024

Hapa ndipo penye maumivu, kwa sababu zote mbili zilikuwa timu za katikati ya msimamo.

Los Angeles Angels mwaka 2023 walikuwa na Shohei Ohtani katika miezi yake ya mwisho ya mkataba. Hawakuwa wameingia mtoano tangu 2014. Kumuuza kungewaletea chipukizi wa kutosha kujenga timu nyingine. Usiku wa 26 Julai waliamua kumbakiza na kununua: wakamtoa mdakaji chipukizi Edgar Quero na mrushaji Ky Bush kwa Chicago White Sox, wakapewa warushaji Lucas Giolito na Reynaldo López, wote wa kukodi. Kesho yake, mjini Detroit, mechi mbili kwa siku moja, Ohtani alirusha ya kwanza mwanzo hadi mwisho akaruhusu pigo moja tu salama, kisha katika ya pili akapiga hom rani mbili. Nilikuwa nashabikia upande wa pili siku hiyo na bado nilisimama. Ukiwa shabiki wa Angels, ungewezaje kusema walikosea?

Agosti ikaja. Walianza mwezi kwa kupoteza mechi 7 mfululizo. Giolito alishinda 1 na kupoteza 5. Tarehe 23 Agosti ligamenti ya kiwiko cha Ohtani ikachanika. Kabla ya mwezi kuisha Angels waliwaweka Giolito, López na wengine kadhaa kwenye orodha ya kuachwa, timu yoyote iwachukue bure, na Cleveland wakawachukua warushaji watatu. Walimaliza na ushindi 73, wamepoteza 89. Desemba Ohtani akasaini na Dodgers, umbali mfupi tu kwenye barabara kuu, kwa dola milioni 700. Angels hawakupata mtoano, hawakumpata Ohtani, na chipukizi walikuwa wameshaondoka.

Mwaka uliofuata Detroit ilikuwa mahali palepale na ikageukia upande mwingine. Tarehe 30 Julai 2024 walimuuza Jack Flaherty, mmoja wa warushaji wao bora, kwenda Dodgers, wakapata mdakaji Thayron Liranzo na Trey Sweeney, kijana wa nafasi ya shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Mark Canha, Carson Kelly na Andrew Chafin nao waliuzwa. Hasira yetu ilikuwa kubwa. Tulikuwa hatujaona mtoano tangu 2014, na menejimenti ilionekana imeinua mikono.

Tarehe 10 Agosti rekodi ilikuwa ushindi 55, kupoteza 63. Kutoka hapo Detroit ilishinda 31 na kupoteza 13. Sweeney aliitwa katikati ya Agosti akasimama kwenye nafasi ya shotistopu kila siku. Tarik Skubal, ambaye tetesi zilisema naye angeuzwa, alibakizwa na akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi. Kocha A.J. Hinch, akiwa na warushaji wachache wa kuanza, aligawa mechi kwa warushaji sita au saba kwa siku. Tukaingia mtoano, tukawatoa Houston kwao kwa mechi mbili, tukafungwa na Cleveland kwenye mechi ya 5. Flaherty akatwaa ubingwa na Dodgers, na Februari 2025 akarudi Detroit kwa mkataba mpya.

Je, hii ina maana kuuza ni bora kuliko kununua? Hapana, na nisingependa shabiki mwenzangu atumie 2024 kama ushahidi wa hilo. Ilikuwa mbio isiyo ya kawaida. Kilicho cha kujifunza ni kwamba Detroit waliuza wale ambao wangeondoka hata hivyo, na wakashikilia kiini. Angels walinunua wale ambao wangeondoka hata hivyo, huku kiini chenyewe kikiwa mlangoni.

Na kuuza nako kuna hasara zake. Detroit walimuuza Justin Verlander kwenda Houston usiku wa 31 Agosti 2017, wakati ambapo bado kulikuwa na dirisha la Agosti, lililofutwa 2019. Verlander alishinda 5 bila kupoteza Septemba ile, akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi, Houston wakawa mabingwa, na baadaye akaongeza tuzo mbili za Cy Young akiwa na jezi yao. Kati ya chipukizi watatu tuliopewa, Franklin Perez hakucheza ligi kuu hata mara moja, Daz Cameron hakudumu, na ni Jake Rogers peke yake aliyekuwa mdakaji wa kutegemewa. Mtu akikuambia "tuuze tupate vijana watatu", mwulize ni wangapi kati ya hao watatu anategemea wafike. Jibu la kweli ni mmoja.

Wa kudumu: bei ya Soto

Usajili wa mchezaji mwenye miaka iliyobaki ndio unaoonekana salama, na kwa kiasi kikubwa ni salama. Lakini una kikomo. Tarehe 2 Agosti 2022 San Diego walimchukua Juan Soto, miaka 23, kutoka Washington, akiwa na misimu miwili zaidi baada ya ule. Walimtoa CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell III, Jarlin Susana na Luke Voit. Mwaka ule walifika fainali ya ligi wakafungwa na Philadelphia. Mwaka 2023 walishinda 82 wakakosa mtoano, na Desemba wakamuuza Soto kwa Yankees kabla ya mkataba kuisha. Abrams, Gore na Wood wote wameshakuwa All-Star.

Ukisikia hivyo utasema Washington walishinda. Ila Washington walipoteza mechi 91 mwaka 2023, 91 tena mwaka 2024, na 96 mwaka 2025. Vijana wazuri watatu hawakutosha kuinua timu. San Diego walau walipata Oktoba, mwezi wa mtoano, moja ya kukumbukwa, na walipomuuza Soto walipokea wachezaji wa maana, akiwemo mrushaji Michael King. Hiyo ndiyo faida ya mchezaji wa kudumu ambayo wa kukodi hana: mambo yakiharibika, unaweza kumuuza tena.

Wiki ileile ya Agosti 2022 Milwaukee, wakiongoza divisheni yao, walimuuza mrushaji wao wa kumaliza mechi Josh Hader kwenda San Diego. Kimahesabu haukuwa uamuzi wa kijinga, maana mmoja wa waliopatikana aliwasaidia baadaye kumpata mdakaji William Contreras. Lakini msimu ule walikosa mtoano wakiwa nyuma kwa ushindi mmoja tu. Kuuza ukiwa unaongoza ni jambo ambalo siwezi kuliunga mkono. Wachezaji wanaoamka kila siku kwenda kupambana wana haki ya kuona menejimenti inapambana nao.

Uunge mkono upi?

Kama timu yako inaongoza divisheni na inawania kuruka raundi ya kwanza, kodi. Tafuta pengo moja, lizibe, na ukubali kumpoteza chipukizi mzuri. Angalia tu kama pengo ni moja kweli. Detroit ya 1987 ilimchukua Doyle Alexander tarehe 12 Agosti, naye akashinda 9 bila kupoteza na kutuletea ubingwa wa divisheni. Kwenye mtoano alipoteza mechi zote mbili alizoanza, tukatolewa na Minnesota. Kijana wa miaka 20 tuliyemtoa alikuwa John Smoltz, aliyeingia Jumba la Heshima 2015. Wazee wa Detroit bado hawapendi kulisikia jina hilo, lakini mimi naamini timu ya 1987 ilikuwa na haki ya kujaribu. Kosa ni kuzoea kulipa hivyo kila mwaka.

Kama uko nyuma ya nafasi ya ziada kwa mechi chache, usilipe bei ya Torres kwa mtu wa miezi miwili. Fanya kama Atlanta: watu wawili, watatu, wanne wa bei ya chini, kila mmoja akiziba sehemu yake. Au mchukue mwenye miaka iliyobaki, ili hata Oktoba ikikupita uanze naye msimu ujao. Uza wale tu ambao mikataba yao inaisha na ambao nafasi zao kuna kijana tayari wa kuzijaza, kama Sweeney alivyokuwa tayari.

Na kama nyota wako mkubwa yuko ukingoni mwa mkataba na timu haina uhakika hata wa ushindi 85, muuze. Najua inavyouma. Mashabiki wa Angels wangeumia Julai, lakini leo wangekuwa na kitu cha kutazama.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa sasa ni Seattle ya 2025, timu pekee katika ligi ambayo haijawahi kucheza World Series. Walihitaji wapigaji. Walimchukua Josh Naylor kutoka Arizona tarehe 24 Julai, na siku chache baadaye wakarudi Arizona kumchukua Eugenio Suárez, wote wa kukodi, bila kugusa chipukizi wao wa juu kabisa. Suárez alihangaika sana Agosti na Septemba. Wastani wake wa kupiga akiwa Seattle ulikuwa chini ya .200 na wengi wakasema pesa imepotea. Kisha, mechi ya 5 ya fainali ya ligi dhidi ya Toronto, iningi ya 8, besi zote zimejaa, akapiga hom rani ya mikimbio 4. Seattle wakabakiza ushindi mmoja tu kufika wasikowahi kufika.

Hawakuupata. Toronto walishinda mechi ya 6, na kwenye mechi ya 7 George Springer akapiga hom rani ya mikimbio 3 katika iningi ya 7, ikaisha 4-3. Nimesoma mashabiki wa Seattle wakisema kwamba wangetoa chipukizi wakubwa wangepata mrushaji wa kumzuia Springer. Labda. Lakini Novemba Naylor alisaini kubaki miaka 5 kwa dola milioni 92.5, na wale chipukizi ambao wengine walitaka watolewe Julai walikuwa bado wa Seattle msimu ulipoisha.